Barafu ya Matunda kwa Watoto: Baridi Haiui Mikrobi

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, miezi ya joto imefika. Mwezi wa tisa na wa kumi, mbele ya mvua kuanza, jua la Katanga linapiga mabati mpaka nyumba inakuwa moto kama tanuru. Mtu mkubwa anavumilia: anakaa chini ya mwembe, anakunywa maji, anangojea jioni. Mtoto mdogo hana uvumilivu ule. Analia, anakataa uji, anatafuta kitu cha baridi. Na kitu cha baridi hakiko mbali. Karibu kila kona ya kambi kuna mtu mwenye sanduku la baridi, anauzisha sashe za maji yaliyotiwa sukari na rangi, kisha yakagandishwa. Nyekundu, kijani, manjano. Watoto wanazichagua kwa rangi, maana ladha yote ni moja.

Leo tutasema juu ya barafu ya namna nyingine, ile unayoitengeneza wewe mwenyewe nyumbani kwa matunda. Ni kitu kizuri, bei yake ni kidogo, na watoto wanaifurahia sana. Lakini inaweza pia kumpeleka mtoto hospitali, kama mwenye kuitengeneza anaamini jambo moja lisilo kweli. Mimi niliamini jambo lile. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu.

Mtoto wetu wa tatu alikuwa na miezi tisa. Nilitoka kazini, zamu ya asubuhi, joto kali, nikapita kwa mwenye kuuzisha barafu, nikanunua sashe mbili. Moja niliinyonya njiani. Ya pili nilimpa mtoto ailambe, kwa sababu ufizi wake ulikuwa umevimba, meno ya juu yakitaka kutoka. Alitulia mara moja, nami nikajisifu mbele ya bibi yangu. Kesho yake usiku mtoto alianza kuhara. Mama mkwe, aliyekuwa kwetu siku zile, alisema: «Ni meno hayo, baba. Kila mtoto anahara wakati wa meno. Itapita.» Tukangoja siku mbili. Siku ya tatu alikuwa analia bila machozi, macho yameingia ndani, na mama yake alipovuta ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, ngozi ile ilirudi polepole kama ngozi ya mzee.

Kule hospitali munganga hakuuliza juu ya meno. Aliuliza: «Baba, mtoto amekula nini na kunywa nini siku hizi?» Nikamhesabia, nikataja na barafu. «Maji ya ile barafu yalitoka wapi?» Nikajibu kama mtu mwenye akili nyingi: «Munganga, ilikuwa ngumu kama jiwe. Mikrobi haziwezi kuishi mule.» Hakucheka. Alisema: «Baba, baridi inazilalisha tu, haiziui. Zikifika tumboni mwa mtoto zinapata joto, zinaamka.»

Mtoto alitiwa serumu usiku kucha, akapona. Siwezi kuapa kwamba ni sashe ile iliyomgonjesha, maana mtoto wa miezi tisa anatia kila kitu kinywani. Lakini tangu siku ile naona ni watu wangapi wanafikiri kama nilivyofikiri.

Mikrobi katika barafu

Moto unaua mikrobi. Kwa hiyo mtu anajiambia baridi kali nayo inaua. Sivyo. Katika laboratwari, watu wa kazi ile wakitaka kulinda mikrobi zao zikae hai miaka mingi, wanaziweka wapi? Wanaziweka katika mashini ya baridi kali kupita frigo zetu zote. Zinangoja mule, na siku wanapozitoa na kuzipa joto na chakula, zinaanza kuzaana tena. Katika frigo ya nyumbani zingine zinakufa, ni kweli, lakini zinabaki za kutosha kumgonjesha mtoto. Mikrobi za kolera, za homa ya tumbo, na zile ndogo zaidi zinazoleta kuhara kwa watoto, zote zinaweza kutoka hai katika barafu.

Sisi wa Katanga tunaijua kolera. Inakaa siku zote upande wa maziwa na mito, Tanganyika, Moero, Upemba, na kila mara inasafiri na watu na mizigo mpaka inafika katika miji ya migodi. Katika mwaka 1991, ilipoingia nchi ya Peru katika Amerika ya Kusini, wachunguzi walitafuta njia ilizopita. Kati ya njia zile walikuta vinywaji vya barabarani vyenye barafu. Watu walikuwa wananunua baridi, wanakunywa na ugonjwa ndani yake.

Basi barafu ni safi kadiri maji yake yalivyokuwa safi mbele ya kuganda, na mikono, na kisu, na kikombe. Hapana zaidi.

Si meno

Neno la mama mkwe linasemwa katika nyumba nyingi, na simlaumu. Yeye naye aliambiwa na mama yake. Lakini meno hayaleti kuhara. Meno yanaanza kutoka karibu na miezi sita, na ni wakati ule ule mtoto anajifunza kukaa, kutambaa, kuokota, na kutafuna kila anachookota sababu ufizi unamwasha. Vinavyoingia kinywani ndivyo vinavyoleta kuhara. Meno yanaleta mate mengi, kulia kidogo, usiku mbaya mmoja au mbili. Na homa? Mtoto mwenye mwili moto, digri 38 na zaidi, msiseme ni meno. Katika inchi yetu homa ya namna ile inaweza kuwa malaria, na malaria haingoji jino litoke. Apelekwe dispanseri siku ile ile apimwe damu.

Mtoto akianza kuhara, mama aendelee kumnyonyesha, na zaidi ya mbele. Kama kuna pakiti za serumu ya kunywa kutoka dispanseri, zitumike kama ilivyoandikwa juu yake. Kama hazipo: litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vijae sawasawa, visiwe na mlima juu, na ile nusu ya chumvi isizidi, maana chumvi nyingi inamdhuru mtoto kuliko kuhara kwenyewe. Kila mara akienda choo, mtoto chini ya miaka miwili apewe robo mpaka nusu ya kikombe, kijiko kwa kijiko. Maji yanayobaki kesho yake yamwagwe. Ombeni pia vidonge vya zinki. Vinapewa siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha. Na ukiona zile alama nilizoona mimi, macho ndani, hakuna machozi, ngozi inarudi polepole, au damu katika choo, usiandae kitu nyumbani. Nenda.

Nani apewe, nani asipewe

Mtoto mbele ya miezi sita hapewi barafu yoyote, wala maji, wala maji ya matunda. Maziwa ya mama yanamtosha, hata mwezi wa kumi. Yana maji ndani yake. Akisumbuliwa na ufizi mapema, mama anawe mikono kwa sabuni na kumsugua ufizi kwa kidole, au ampe kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa, kikapozwa katika frigo bila kuganda.

Kutoka miezi sita mpaka mwaka mmoja apewe barafu laini kwa kijiko. Usimpe kipande kigumu kinywani na usimwachie kijiti. Kipande cha barafu kinaweza kuteleza na kuziba koo, na mtoto wa miaka ile hana meno ya kukivunja. Ngoja ilainike, iparue kwa kijiko mpaka iwe kama theluji, mpe kidogo kidogo. Mama anayekamua maziwa yake anaweza kugandisha hayo hayo katika kikombe kidogo safi. Hakuna barafu bora kwa mtoto mchanga wa miezi saba.

Asali haingii katika barafu ya mtoto asiyetimiza mwaka, hata tone moja, hata iliyotoka msituni leo. Inaweza kuwa na mbegu za mikrobi zinazolegeza mwili wa mtoto mchanga mpaka ashindwe kunyonya na kupumua. Sukari nayo haitakiwi. Embe lililoiva halina haja ya sukari, na meno mapya yanaoza haraka.

Na jambo moja kwa wababa wanaopenda kuleta zawadi: barafu si chakula cha mchana. Embe na papai vina vitamini A, inayolinda macho, lakini havijengi mwili. Mtoto ale kwanza uji wake wenye karanga au kapenta zilizosagwa, maharagwe, yai likipatikana. Barafu ije nyuma.

Vyombo, na hapa nawaambia wanaume

Nimeona katika nyumba za wafanyakazi vyombo ambavyo havikutengenezwa kwa chakula. Bidoni iliyoleta asidi. Bidoni ya mafuta ya mashini. Pipa la plastiki lililokuwa na dawa za kiwanda cha kusafisha madini. Mtu analitoa kazini, bibi analisugua kwa mchanga na sabuni, harufu inakwisha, linawekwa jikoni kwa maji ya kunywa. Ndugu, plastiki inanyonya dawa ndani ya ngozi yake na kuirudisha polepole katika maji. Kuosha hakuitoi. Usilete nyumbani, na kama limekwisha kuingia, usiliweke karibu na jiko wala frigo.

Sisi ni watu wa shaba, na kuna mafundi wanaopiga vyombo vya shaba vizuri sana. Viwekwe ukutani. Maji ya limau, ya chungwa, ya marakuja, ya nanasi yana ukali unaokula shaba tupu, na mtoto akinywa maji yale anatapika. Sufuria zinazoyeyushwa na mafundi kutoka vyuma vikuukuu vya motokari zina hatari nyingine: ndani ya vyuma vile inaweza kuwamo risasi, nayo inaharibu akili ya mtoto hata ikiwa kidogo. Matunda yenye ukali yasichemshwe wala kulazwa mule. Tumia glasi, bakuli ya bati lenye rangi isiyobanduka, inoksi, au vikombe vya plastiki vilivyonunuliwa na chakula ndani, kama vile vya yaourt. Vinaoshwa kwa sabuni na kumwagiwa maji moto.

Halafu vumbi. Mwaka 2009 wachunguzi wa chuo kikubwa cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kazi yao juu ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walipima mkojo. Zaidi ya nusu ya watu wale walikuwa na kobalti kupita kipimo kinachowekwa kwa wafanyakazi wa kiwanda, na kwa watoto ilikuwa hivyo zaidi ya wakubwa. Watoto wale hawakushuka mgodini hata siku moja. Vumbi liliwafuata nyumbani: juu ya chakula, juu ya mikono, katika nguo za baba. Kwa hiyo baba anayetoka kazini asiingie jikoni na salopeti yake kusaidia kukata maembe, hata kama moyo wake ni mzuri. Avue nguo, aoge, abadilishe viatu, kisha akate maembe atakavyo. Na tunda lililonunuliwa kando ya barabara ya malori ya madini lioshwe kwanza na ganda lake, ndipo limenywe. Kisu kinachopita juu ya ganda chafu kinaingiza uchafu ndani.

Namna ya kutengeneza

Chemsha maji mpaka yatokote sana, uyaache yatokote dakika moja kamili. Wamama wanaohesabu tatu hawakosei. Yafunike, yapoe yenyewe. Usiyapoze kwa kutia barafu, maana hapo umerudi mwanzo. Nawa mikono kwa sabuni.

Embe ndilo rahisi kuliko yote, na msimu wake unaanza karibu na mvua. Chukua maembe mawili makubwa yaliyoiva, yale yasiyo na nyuzi nyingi. Menya, ponda kwa uma, pitisha katika kichujio ukiona nyuzi. Ongeza nusu kikombe cha maji yako. Papai ni hivyo hivyo, bila maji karibu. Ndizi iliyoiva na kupondwa pamoja na papai inafanya barafu laini sana, inayofaa kwa wadogo kabisa. Ndizi haigandi ngumu kama maji. Mapera yanahitaji kuchemshwa kidogo na kuchujwa, sababu ya mbegu. Marakuja nayo ichujwe, na ichanganywe na ndizi ili ukali upungue, maana ukali unawasha ngozi ya kinywa cha mtoto. Nanasi nawashauri mngoje mpaka mtoto atimize mwaka. Masuku ya msituni watoto wanayapenda, lakini kutenga nyama yake na mbegu ni kazi ya mchana mzima. Mwenye bidii na ajaribu.

Jaza vikombe, uache nafasi ya upana wa kidole juu, kwa sababu maji yakiganda yanapanda. Funika kila kikombe. Weka mahali pa frigo panapogandisha, mbali na nyama na samaki wabichi, ambao damu yao inadondoka. Kwa mpini, ngoja saa moja na nusu mpaka katikati panaanza kushika, kisha simamisha kijiko kidogo. Kijiko ni bora kuliko kijiti. Vijiti vya kuokota uani sivitaki: ni vichafu, na miti mingine ya maua tunayopanda mbele ya nyumba, kama lorie-roze, ina sumu katika mti wenyewe. Vipande vya mbao vilivyopakwa dawa ya mchwa, usiseme.

Baada ya saa tano au sita, au kesho yake, barafu iko tayari. Chovya kikombe katika maji ya uvuguvugu na itatoka. Iache nje dakika chache mbele ya kumpa mtoto, kwa sababu barafu iliyotoka sasa hivi inashika ulimi na midomo na kuchuna ngozi. Mtoto mwenye zaidi ya mwaka ale akiwa amekaa, mtu mkubwa karibu. Asikimbie na kijiko kinywani. Wangapi tumewaona wakianguka. Akichoka kula, kinachobaki kisirudishwe katika frigo, maana kimepita kinywani.

Umeme ukikatika

Hapa wengi wanakosea, hata wale waliofuata yote tuliyoandika juu. Delestaje inakuja usiku wakati mmelala. Barafu inayeyuka, inakaa maji ya matunda yenye joto masaa manne, matano. Mikrobi chache zilizobaki zinapata chakula na joto na zinazaana. Alfajiri umeme unarudi, inaganda tena. Ukifungua frigo asubuhi unaona barafu nzuri, ngumu, huwezi kujua kitu.

Kuna njia ya kujua, na haina bei. Jaza kikombe kimoja maji matupu, kigande kabisa. Juu ya barafu ile weka ekru ndogo ya buloni, au kajiwe. Kikombe hicho kikae siku zote katika frigo, kando ya vile vya matunda. Kila asubuhi kabla ya kumpa mtoto kitu, kiangalie. Ekru iko juu, palepale ulipoiweka: baridi haikukatika sana, watoto wale. Imezama kidogo: wape leo, usiweke tena. Ukiiona chini kabisa, imegandiwa na barafu juu yake, basi usiku kila kitu kiliyeyuka. Mwaga vyote, hata kama ni maembe ya kununua, osha vikombe, chemsha maji mengine. Mwanangu, yule wa serumu, sasa yuko shule ya sekondari, na ndiye anayeangalia ekru ile kwetu kila asubuhi mbele ya wadogo zake kuamka.